Vipimo vya Bosi

Katika karakana ya Fundi Kiti, juu ya meza ya kurandia, palikuwa na ubao mmoja mwekundu ambao hakuna mteja aliyeruhusiwa kuugusa. Ulijaa namba za penseli, safu moja kwa kila mwaka: paja la kulia, paja la kushoto, goti hadi kisigino, upana wa nyonga, kalio hadi bega. Mteja mmoja aliyekuja kuulizia mlango aliutazama, akasema, "Fundi, hilo kabati lako mbona kila mwaka linakua?"

Fundi alicheka mpaka machozi yakamlenga. Kisha akaigeukia randa yake mpaka yule mteja alipoaga.

Namba zile zilikuwa binti yake.

Nyumbani walimwita Bosi, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na baada ya miezi madaktari wakasema ana mtindio wa ubongo. Kichwa chake kilielewa kila kitu, ila amri zilipotoka kichwani kwenda mikononi na miguuni zilipotea njia. Macho lakini hayakupotea. Alikuwa mtoto wa mwaka mmoja, amelala kwenye mkeka, anaiendesha nyumba nzima kwa macho: akitazama kikombe, mtu analeta maji, akitazama mlango, mtu anambeba nje. "Bosi ameamka," baba yake alikuwa akisema, "haya, kila mtu kazini."

Alipotimiza miaka miwili bila kuweza kukaa, fundi, ambaye mpaka hapo alikuwa mtu wa vitanda na milango, alimtengenezea kiti. Kilikuwa kiti kizuri sana na hakikufaa kitu. Mtoto aliteleza mbele kama samaki mkononi, kidevu kikaishia kwenye meza. Akakipeleka hospitali kwa hasira, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, kumbe gunia ameshona yeye. Huko ndiko alikokutana na mtaalamu wa mazoezi ya watoto, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, aliyeitwa Dada Nyosha kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni.

"Fundi, kiti unakianzia juu," alimwambia. "Anzia kwenye makalio. Makalio yakikaa nyuma kabisa, mapaja yakalala sawa, nyayo zikapata pa kukanyaga, basi mgongo utapanda wenyewe na kichwa kitafuata. Hiki kiti ndicho uti wake wa mgongo kwa sasa. Usimfanyie mzaha."

Hakufanya mzaha. Kiti cha tatu kilimkalisha Bosi wima, na siku hiyo alimtazama baba yake usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayelinganisha picha na mwenye picha. Tangu hapo hospitali ikawa inampelekea fundi watoto wengine wa kuwapimia, na yeye akapata jina lake.

Bosi alipokuwa na miaka minne, nafasi ilipatikana katika shule ya watoto wenye ulemavu, kwenye mji wa mbali alikoishi dada mkubwa wa mama yake. Mama Bosi alikuwa fundi cherehani. Kiwanda cha nguo cha huko kilikuwa kinatafuta watu. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa kimoja: mama mzazi wa fundi alikuwa hajiwezi kitandani, na fundi alikuwa mwanawe wa pekee.

"Mwaka mmoja tu," mke wake alisema akifunga mizigo. "Mama akipata nafuu, utatufuata."

Mama hakupata nafuu, wala hakufa upesi. Alikaa hivyo miaka minne.

Mwaka wa kwanza fundi alisafiri mara mbili kwenda kuwaona. Mara ya pili ndiyo iliyomharibia. Alifika bila kuwapa habari, akitaka kuwashtua kwa furaha. Bosi alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwa mlango. Fundi akaja kwa nyuma, akamnyanyua juu kama zamani. Mtoto akakakamaa mwili mzima. Kichwa kilirushwa nyuma, mgongo ukapinda kama upinde, miguu ikapishana kama mkasi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kupasua masikio. Fundi alimkaza hivi, mtoto akaponyoka vile, mpaka mama yake akaja mbio kumchukua.

Fundi alibaki na mikono mitupu. Akajiambia: amenisahau. Mimi ni mgeni aliyemvamia, na mwili wake wote unanikimbia. Alikuwa amekuja kukaa wiki. Kesho yake alisema ana kazi za watu, akaondoka.

Hakurudi tena. Mwaka huu ilikuwa ugonjwa wa mama, mwaka ule viti vya hospitali. Sababu hazimkosi anayezitafuta. Lakini kila mwaka, msimu ule ule, Mama Bosi alipima na kutuma vipimo kwa ujumbe wa simu, na fundi alitengeneza kiti kipya. Simu zao zilikuwa za vibonye, hazina picha. Basi aliwaza kwa namba. Paja limeongezeka sentimita mbili: anakula vizuri. Mabega yamepanda: ana shingo sasa. Alikuwa akifunga sponji kwenye egemeo la kichwa, huku kiganja chake kikizunguka hewani kutafuta ukubwa wa kichwa kile, na alikipata, au alidhani amekipata. Akimaliza, alikaa mbele ya kiti kitupu akinywa chai yake, kisha akakifunga kwa magunia na kukipakiza kwenye lori la mizigo. Mama yake alipofariki, alimzika, akafua mashuka, akarudi kwenye meza ya kurandia. Sasa hapakuwa na cha kumzuia kwenda, na ndiyo maana aliogopa zaidi.

Bosi alipofika miaka tisa, ujumbe ulikuja kama kawaida. Fundi aliuandika ubaoni, akasimama. Paja la kulia, thelathini na tatu. Paja la kushoto, thelathini na moja.

Alipiga simu.

"Mama Bosi, habari za huko?"

"Salama, Baba Bosi. Vipimo umevipata?"

"Nimevipata. Ila paja la kushoto naona kama pamekosewa kidogo. Umeandika thelathini na moja."

"Sijakosea."

"Hebu pima tena, tafadhali. Huenda futi ilikunjika."

Mama Bosi hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lililomfanya aogopwe.

"Baba Bosi, mimi nashona suruali za watu mwaka wa kumi na mbili huu. Umewahi kusikia mtu katoka mikononi mwangu ana mguu mmoja mfupi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema futi imekunjika mkononi mwangu. Haya." Sauti yake ikashuka. "Nilipima mara tatu kabla sijakutumia. Nilidhani nimechoka. Nikampima amekaa, nikampima amelala. Ni thelathini na moja. Na siku hizi nikimvalisha, mguu wa kushoto haupanuki. Nikilazimisha, analia."

Asubuhi yake fundi alikuwa hospitali kabla mlango wa chumba cha mazoezi haujafunguliwa. Dada Nyosha alisoma karatasi ya namba, akaisoma tena, akaiweka juu ya meza polepole.

"Huyu ni wa kwako?"

"Wa kwangu."

"Amewahi kusimamishwa? Sio kukalishwa. Kusimamishwa, akafungwa kwenye fremu, akasimama kwa miguu yake?"

"Hapana. Shule wana viti tu. Vyangu."

Dada Nyosha alichukua mpira mdogo wa kuchezea, akauweka juu ya kisahani cha chai. "Tazama. Mtoto anapozaliwa, mahali mfupa wa paja unapokaa kwenye nyonga ni kama hiki kisahani. Kinachokichimba kiwe kikombe ni mtoto mwenyewe. Anasimama, anatembea, anaruka, anaanguka. Kichwa cha mfupa kinagandamiza pale kila siku, na nyonga inakua kwa kukikumbatia. Asiyesimama, kisahani kinabaki kisahani. Halafu misuli ya ndani ya mapaja yake imekaza, inavuta, haipumziki." Aliusukuma mpira kwa kidole. Ukabiringika hadi ukingoni mwa kisahani, ukaning'inia. "Kidogo kidogo. Na mpira ukipanda nyuma, paja linaonekana fupi."

"Kwa hiyo ni viti vyangu."

"Viti vyako vimemlinda mgongo, fundi, na bila hivyo angekuwa amepinda kama mzizi. Lakini kiti ni kiti. Hakimsimamishi mtu." Akatoa mpira kwenye kisahani. "Pengine si hivyo. Pengine ni kiuno tu kimejizungusha. Picha ya eksirei ndiyo itasema. Ila usilale, usiseme tutaona."

Wakati huo mlango ulifunguliwa. Kwenye mkeka palikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi aliyeachwa hapo mama yake alipokwenda dirisha la kadi. Mama akaingia, akasema, "Nimerudi, baba!" Na mtoto yule akakakamaa. Kichwa nyuma, mgongo upinde, miguu mkasi, sauti ya kupasua masikio.

Fundi aligeuza uso ukutani. "Masikini," alisema kwa sauti ndogo. "Hata mama yake hamtaki."

"Nani hamtaki nani?" Dada Nyosha alicheka, tayari amepiga magoti akimkunja mtoto magoti na nyonga, taratibu, mpaka mwili ukalegea. "Huyu amefurahi, fundi. Wewe ukifurahi unacheka. Huyu furaha inamwingia mwili mzima kwa mkupuo, misuli yote inavuta pamoja, hana breki. Ukitaka kujua nani anampenda kuliko wote, angalia nani anamkakamaza."

"Hata akirusha kichwa nyuma?"

"Hasa hapo."

"Hata akipiga ukelele? Hata akikuponyoka mikononi?"

Dada Nyosha alimtazama, na kicheko kikamwisha. Fundi alikuwa ameketi kwenye stuli ya watoto, magoti yamemfika kidevuni, jitu zima na mikono yake yenye gundi, akitazama sakafu.

"Miaka minne, dada," alisema. "Miaka minne sijaenda."

Hakuambiwa pole. Aliambiwa asogee mkekani, na kwa saa nzima akafundishwa: usije kwa nyuma, njoo kwa mbele, chini, usawa wa macho yake, mwache akuone kwanza, akikaza, usishindane naye, weka kiganja kifuani, kunja nyonga, subiri.

Jioni alimpigia Mama Bosi akamweleza habari ya mpira na kisahani.

"Nimekaa naye kila siku," Mama Bosi alisema. "Namwogesha, namvalisha. Na sikuona."

"Wewe ndiye uliyeona. Mimi nilidhani futi imekunjika."

"Baba Bosi, usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Mpeleke eksirei. Mimi nakuja."

"Unakuja?" Aliuliza kama mtu aliyesikia neno la lugha nyingine.

Alifunga karakana, akabeba randa, msumeno, patasi na skrubu kwenye sanduku moja, na baada ya siku mbili za barabara alikuwa amesimama mlangoni kwa shemeji yake. Safari hii alibisha hodi, na akamwomba Mama Bosi aingie kwanza, amwambie mtoto nani amefika. Kisha akaingia kwa magoti, kweli kwa magoti, mzee wa miaka arobaini na sita akitambaa sakafuni kama anayetafuta msumari.

Fundi hakumtambua. Alikuwa na vipimo vyake vyote, na hakumtambua. Hakuna namba iliyomwambia kwamba nyusi zake zimekutana katikati, wala kwamba ana kovu dogo kidevuni, wala kwamba hutabasamu upande mmoja kwanza na wa pili baadaye.

Bosi alimwona. Mwili ukapinda, mikanda ya kiti ikalia, kichwa kikagonga egemeo ambalo baba yake alikuwa amelijaza sponji kwa kukisia. Fundi hakurudi nyuma. Aliweka kiganja kifuani pa mtoto, mkono mwingine chini ya magoti, akakunja polepole, akasubiri. Moyo mdogo ulikuwa unapiga chini ya kiganja chake kama nyundo ya fundi anayeharakishwa. Ukapunguza. Mwili ukalegea.

"Ba," Bosi alisema. Akapumzika. "Ba." Akakusanya nguvu kwa jambo refu zaidi, mdomo ukitafuta umbo la kila herufi. "U… me… che… lewa."

Mama Bosi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangua kicheko, kisha akaziba uso kwa kanga na kuingia jikoni. Fundi alisema, "Nisamehe, Bosi. Sitarudia." Na akapewa ule mtazamo wa zamani wa kuelekea kikombe, akaenda kuleta maji.

Picha ya eksirei ilisema kile walichoogopa, lakini si chote. Nusu ya mpira ilikuwa nje. Daktari wa mifupa, mtu mwenye maneno machache, aliishika picha kwenye mwanga wa dirisha. "Mngekuja mwaka ujao, ningekuwa na maneno mengine. Sasa hivi bado inarudi. Tutalegeza misuli ya ndani ya paja, tutakata mfupa hapa juu, tutaugeuza utazame kikombe. Kisha asimame. Msipomsimamisha, nitakuwa nimefanya kazi bure."

Wiki sita Bosi alilala na miguu yote miwili ndani ya plasta, imepanuliwa. Shemeji alisema amekuwa kama bikari ya fundi, na Bosi akacheka mpaka plasta ikamuuma. Fundi alilala sebuleni. Alimtengenezea kitanda cha mteremko ili aweze kula bila kupaliwa, na ubao wa kumgeuzia. Mama Bosi alikwenda kiwandani asubuhi, akarudi jioni, wakafua pamoja uani bila maneno mengi. Siku moja alisema, huku anakamua shuka:

"Siku ile alipokakamaa, ulidhani hakutaki?"

"Nilidhani."

"Ungeniuliza."

"Niliona haya." Akashika upande wa pili wa shuka. "Na wewe? Ulidhani nini?"

"Nilidhani umemwona, ukamwonea aibu. Nikasema, mtu atume viti, viti vinafaa, sitamwomba zaidi ya hapo."

Waliikamua shuka ile mpaka haikuwa na tone, na bado hawakuiachia.

Plasta ilipotolewa, fremu ya kusimamia ilikuwa tayari: kibao cha nyayo, kinga za magoti zilizotiwa sponji, mkanda mpana wa makalio, kimeza mbele cha kuegemea, na kipande cha kutenganisha mapaja ambacho mtaalamu wa mazoezi wa huko alikipima pembe mara mbili. Walimsimamisha kidogo kidogo, dakika tano, kesho saba. Mara ya kwanza alilia kwa uchungu, miguu ikatetemeka, na fundi akataka kumfungua. Bosi akakaza macho: hapana.

Siku ya nne hakulia. Alisimama. Fundi alichukua futi ya mkewe, akaishusha kutoka utosini hadi kwenye kibao, akasoma. Kwa miaka yote ile alikuwa na mtoto wake kwa vipande: paja, bega, kisigino. Hakuwahi kujua urefu wake.

"Mita moja na kumi na tisa," alisema.

"Ana miguu ya marehemu mama yako," Mama Bosi alisema. "Angekuwa anatembea, angekuwa anatembea kwa maringo vilevile."

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini fundi alikuwa na watoto kumi na mmoja waliokuwa wanasubiri viti kule alikotoka, na Dada Nyosha alikuwa amepiga simu mara mbili. Mama Bosi hakumwambia abaki. Usiku hawakukaa kuzungumza mambo hayo; walizungumza asubuhi, kwenye kizingiti, viatu miguuni.

"Sijui kama naweza kuanza tena kukusubiri," Mama Bosi alisema. "Nimezoea. Kuzoea nako ni kazi, sitaki kuifanya mara mbili."

"Usinisubiri. Nitakuja."

"Hilo mwambie yeye."

Bosi, ndani ya fremu, alikuwa ameshasikia. "Li… ni?"

"Mwezi wa nne."

Alikwenda mwezi wa nne. Akaenda wa saba, na wa kumi. Hakurudi kuwa mume kama zamani, na hakuwa mgeni pia. Siku akifika, Mama Bosi humwachia kazi ya kuvalisha viatu, na humkosoa. Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha mpira umekaa, na kikombe kimeanza kuongeza ukingo. Bosi hatatembea, hilo daktari alilisema wazi na wao walilimeza. Ila anakaa bila maumivu, anavaa suruali bila kulia, na mapaja yako sawa, kasoro nusu sentimita ambayo Mama Bosi hakubali kuifuta kwenye hesabu.

Fremu iliwekwa sebuleni, karibu na dirisha. Bosi hakuwahi kuiona barabara ya nje kutoka humo. Akiwa kwenye kiti, kizingiti cha dirisha kilikuwa juu ya macho yake, na kwa miaka mitano mtaa ulikuwa sauti tu. Sasa, kila jioni baada ya shule, anasimama pale dakika arobaini, na mama yake anamwekea simu kwenye kimeza.

Kule mbali fundi anazima mashine, anafuta vumbi kwenye sikio, anakaa kwenye kiti chochote kilichopo, kiwe cha mtoto yeyote.

"Leo kuna nani?" anauliza.

"Ki… nyozi."

"Anafanya nini?"

Inachukua muda. Anasikia pumzi yake, anasikia pikipiki ikipita upande ule. Anajua sasa yuko wima, magoti yamenyooka, uso kwenye mwanga. Anangoja.

"A… na… ji… nyoa," Bosi anasema, na kicheko kinamkakamaza mpaka fremu inalia, na mama yake anasikika akija kumkunja.

"Kinyozi gani ananyoa kichwa chake mwenyewe? Amekosa wateja?" fundi anasema. "Hebu mtazame vizuri. Amefika wapi?"

Naye anamwambia, neno kwa neno, mpaka dakika zinaisha.